Mikono ya Kalunde Kwenye Kioo

Habari ya kifo cha Kalunde niliipata kwenye simu ya mjukuu wangu Semeni, nikiwa barazani nachambua maharage. Zamani msiba ulikuja na mtu. Unamwona anapanda kilima, unaona anavyotembea, na moyo unaanza kujiandaa kabla hajafika. Sasa msiba unalia mfukoni. Semeni alisikiliza, akasema, "Ndiyo, nipo naye hapa," kisha akanitazama. Nikamwambia, "Sema. Mimi si mtoto." Akasema, "Bibi Kalunde wa Ngerengere amefariki." Nikaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Wenye kulia upesi walie. Machozi yangu mimi huchelewa, na yakichelewa sana hugeuka hasira. Hasira hiyo ndiyo inayoniandikisha. Semeni ananisahihishia herufi, maana shule niliiacha darasa la nne, lakini maneno ni yangu na nimemkataza kuyapaka mafuta.

Semeni anasoma sayansi. Siku ile ya simu, jioni, nilimuuliza swali ambalo nimekaa nalo tangu ujana: kile kitu kilichokuwa kwenye mashine ya Dokta, mwajiri wangu na Kalunde, ni kitu gani hasa? Akaniambia, "Bibi, sauti inayokuja kwenye simu hii, redio yako, televisheni, joto la jua mgongoni, mwanga wenyewe, na eksirei, vyote ni ukoo mmoja. Vinatofautiana ukali tu." Nilimwelewa upesi kuliko alivyotegemea, kwa sababu sisi Waluguru mambo ya ukoo hatufundishwi na mtu. Katika ukoo yupo wa kutumwa, anapeleka maneno na kurudi. Yupo wa jikoni, anapasha chakula. Yupo anayekumulikia njia. Na yupo ambaye akiingia ndani ya nyumba, watoto wanatolewa nje. Wote mama mmoja. Huyo wa mwisho ndiye tuliyefanya naye kazi mwaka ule, mimi na Kalunde, na hakuna aliyetutambulisha kwake.

Watu wa Morogoro wa rika langu hawahitaji nitaje tarehe. Ni ule mwaka mitumba ilipolazwa chini sokoni marundo kwa marundo, viwanda vikaanza kunyamaza kimoja kimoja, na juu ya mabati ya wenye nacho yakaota masahani makubwa ya kunasa picha za televisheni. Redio, tuliyozoea iwe moja na yenye sauti moja, zikawa nyingi na zinabishana. Serikali ilikuwa imelegeza mkono, na kila mwenye nguvu akawa anafungua kitu: huyu duka, huyu mashine ya kusaga, yule baa. Dokta akafungua zahanati ya picha za eksirei. Jina lake naliacha, ana watoto wazuri ambao hawana kosa. Alikuwa ametoka kwenye kazi ya serikali, mtu safi, shati jeupe, sauti ya upole, na alipanga nyumba Bigwa, pale mlima unapoanza kuinuka nyuma ya migomba. Mashine aliitoa bandarini, ilikuja na meli kutoka Ulaya, na mimi hadi leo nasema ile mashine ilikuwa imestaafu huko ilikotoka. Ilikuwa na mguu uliopinda na mikwaruzo ya kucha za watu tusiowajua.

Nyumba ile ninaweza kuitembea nikiwa nimefumba macho. Mbele kulikuwa na sebule yenye mabenchi, hapo wagonjwa walikaa na vikapu vyao vya ndizi na magimbi, maana watu wa mlimani hawateremki mikono mitupu. Kushoto ofisi ya Dokta. Kulia chumba cha mashine, madirisha yamezibwa kwa mbao na blanketi nyeusi, mlango mzito. Nyuma jikoni, ufalme wangu. Nilikuwa mpishi na mfagiaji: asubuhi chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha, mchana ugali na maharage ya Mgeta au mchicha wa nazi, na siku ya mgao wa umeme, mashine ilipolala, nilipika makande kwa sababu kila mtu alikuwa na muda wa kuyasubiri. Harufu ya nyumba ilikuwa mbili: kitunguu kutoka kwangu, na kutoka chumba cha mashine harufu kama ya nyaya zilizopata moto. Kalunde alisema ni harufu ya radi.

Kalunde alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli, Mnyamwezi aliyezaliwa Ngerengere. Mumewe alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, akakaa nyumbani anatazama ukuta. Kalunde alikuja kupiga deki, lakini kazi yake ya moyoni ilikuwa ususi. Alikuwa na vidole vyembamba virefu, vinapita kichwani kwako kama maji, huumii. Jumamosi mchana nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, yeye juu yangu, akinisuka kwa uzi mweusi na kunitukana, kwa sababu Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na mtani asiyetukana amekununia. "Kichwa chenyewe kimeinama upande," ananiambia. "Ndiyo ninyi, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, kwa kuishi kwenye mteremko. Mnalima mmejifunga kamba kwenye mti msidondoke shambani." Nami namjibu, "Suka, mpagazi wee. Babu zako walibeba mizigo ya Waarabu mpaka vichwa vikawa bapa, ndiyo maana unapenda vya wenzio." Tulicheka mpaka Dokta akafunga dirisha. Ndoto yake ilikuwa apate kibanda chake mjini, kiti cha kukalia na kioo kikubwa, na watu wapange foleni kwa ajili ya vidole vile. Alikiona kibanda hicho waziwazi. Aliniambia hata rangi ya mlango: kijani.

Mwanzo wagonjwa walikimbia. Hebu fikiria. Umeteremka kutoka Kinole au Matombo na kifua chako, unaingizwa kwenye chumba cha giza totoro, unaambiwa uvue juu, na anayekupokea ni mwanamume aliyevaa miwani nyekundu. Dokta alivaa miwani ile kila saa kabla ya kazi, hata akinywa chai, ili macho yake yazoee giza, ndivyo alivyofundishwa. Lakini kwetu mtu mwenye macho mekundu ana maana yake. Siku moja bibi mmoja mzee aligoma mlangoni, amekamata nguzo, analia kwa Kiluguru kwamba hawezi kwenda kuchunwa ngozi. Kalunde alikuwa anapiga deki. Akasimamisha mti wa deki akasema, "Shikamoo mama. Ingia tu, humo ndani ni tambarare, hutadondoka."

Bibi akageuka. "Nani huyu ananitukana?"

"Mnyamwezi."

"Alaa! Mpagazi! Basi njoo unibebe, ndiyo kazi yenu."

Kalunde akambeba kweli, mgongoni, kama gunia, bibi anacheka meno mawili nje, wakaingia gizani. Akamshika mabega mpaka Dokta akamaliza. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake mahali pa kutisha, lazima awepo mtu wa kumshika, na ndugu wengi waliogopa kuingia. Mtani haogopi, wala haogopwi. Dokta aliona hilo siku ile ile. Kesho yake mti wa deki ukawa wangu, na Kalunde akawa mshikaji.

Zilikuja na mashine aproni mbili, nzito, za mpira zenye madini ya risasi ndani yake. Ukiibeba moja mabega yanashuka. Moja aliivaa Dokta, na hakuivua kamwe mashine ikiwa inanguruma. Ya pili akampa Kalunde bila kumweleza kitu zaidi ya, "Vaa hii." Akaivaa. Ilimfika miguuni, alitembea kama bata mzinga, na aliichukia kwa joto lake. Lakini hakuivua kwa joto. Aliivua kwa ajili ya Mzee Kobelo.

Mzee Kobelo alikuwa mkulima wa mboga kule juu, mtu mwenye heshima, mjomba wa watu wengi. Kifuani mwake kulikuwa na kitu kinatembea. Mganga wake alimwambia amewekewa, na kwa kuwa dunia imebadilika, aende kwanza Bigwa akapigwe picha ili kitu hicho kionekane kabla hakijatolewa. Waganga wengi walikuwa wanafanya hivyo mwaka ule, na Dokta aliwapokea wote. Mzee alifika mlangoni mwa chumba, akamtazama Kalunde toka juu hadi chini.

"Mnyamwezi, hilo gunia ulilovaa ni la nini?"

"Nguo ya kazi, mzee. Ingia."

"Na yangu iko wapi?"

"Wewe ni mgonjwa, huhitaji."

"Kumbe humo ndani kuna kitu cha kuogopwa. Wewe umejikinga, mimi niingie kifua wazi?" Akageukia mabenchi, sauti juu. "Mnamsikia mtani wangu? Anataka kunipeleka kwenye mvua, mwavuli kaushika yeye!" Benchi zima likacheka, lakini wawili wakaanza kukusanya vikapu vyao. Mzee akamwambia, safari hii bila kucheka, "Vua tuingie sawa. Vinginevyo narudi kwetu."

Nilikuwa nimesimama na beseni la vikombe. Niliona Kalunde anafungua kamba mgongoni. Aproni ikaanguka kwenye kiti kwa kishindo. Akasema, "Haya. Sasa tuko sawa, mtu wa milimani. Tukifa tunakufa wote." Wakaingia. Dokta alimwona hana aproni, nami nilimwona Dokta anaona. Akafunga mlango. Tangu siku hiyo Kalunde hakuivaa tena, maana habari zilipanda mlima haraka kuliko mtu, na kila aliyeteremka alisema anataka Mnyamwezi asiyejikinga.

Leo watu wananiuliza, kwani nyie hamkujua? Tulijua nini? Jua linaunguza, unalisikia, unakimbilia kivulini. Moto unaunguza, unaondoa mkono. Kitu kile hakikuwa na joto wala sauti, zaidi ya mngurumo wa mashine. Na kilikuwa kizuri kutazama, hilo lazima niliseme. Niliingia mara kadhaa na chai ya Dokta. Ukizoea giza unaona kioo kinang'aa kijani hafifu, kama vimulimuli wengi waliofungiwa pamoja, na ndani yake mbavu za mtu, na moyo unaruka kama chura kwenye mfuko. Dokta alipenda kueleza. "Huu moyo. Hili pafu. Ona linavyopanda." Ndugu waliopata ujasiri walisimama nyuma yake wakashangaa. Wengine walikuwa hawajawahi kuona televisheni, hii ndiyo ilikuwa televisheni yao, na Dokta hakuwafukuza, aliacha mashine ingurume. Na pale kwenye mabega ya mgonjwa, kila mara, ilionekana mikono ya Kalunde. Mifupa mitupu, vidole virefu vimetulia, na kwenye kidole kimoja pete nyeusi ti, imeelea. Sauti yake ilitoka gizani: "Vuta pumzi. Bana. Usitikisike, usitikisike... Haya, pumua." Mara ya kwanza nilipoiona mifupa ile nilimwaga chai. Nilikuwa nimesukwa na mikono hiyo juzi yake.

Waliokuja na kikohozi walimalizika upesi. Waliochukua muda ni hawa wa kuwekewa. Kitu ambacho hakipo kinatafutwa muda mrefu kuliko kilichopo. Mzee Kobelo alirudi tena na tena. Nilimsikia kutoka jikoni: "Nigeuze, Dokta, kinajificha nyuma ya mbavu. Bado! Kimekimbilia chini!" Na Dokta, badala ya kumwambia nenda nyumbani, hakuna kitu, anamgeuza, upande huu, upande ule, mashine inanguruma, na Kalunde ameshika. Jioni alikuwa akija jikoni anakaa, anatandaza mikono juu ya meza, anaitazama.

Ilianza kwa wekundu. Tukasema ni sabuni ya unga. Nikamchukulia kazi zote za maji, na wekundu haukwenda. Ikawa inawasha, ngozi ikakauka kama karatasi, ikapasuka kwenye viungo. Nikampaka mafuta ya nazi, nikampaka shubiri. Kucha zikaota mistari, moja ikang'oka yenyewe kwenye bakuli la mboga, akaitoa akaiweka kando ya sahani. Tuliendelea kula. Jumamosi ile akanisuka, na kwa mara ya kwanza aliniumiza. Alishika nywele, zikamtoka. Akashika tena. Akaniambia, "Tere, sizisikii." Nikadhani ananitania, nikamjibu, "Nywele za Mluguru haziongei na wapagazi." Nikageuka, nikamwona anasugua vidole vyake kwa gumba, kimoja kimoja, kama mtu anayepima unga.

Jumapili nikampeleka misheni, mlimani. Kulikuwa na sista muuguzi, Mluguru mwenzangu, mkali kama mimi. Alituweka kwenye chumba chake cha dawa, harufu ya spiriti na maharage yanayochemka jirani, akaishika mikono ya Kalunde kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. "Kazi yako ni ipi, mwanangu?"

"Nashika watu kwenye eksirei, Sista."

"Unawashika ukiwa umevaa nini?"

Kalunde akanitazama mimi. "Gauni," akasema.

Sista aliketi. Akatuambia kwa maneno mepesi, na ndiye mtu wa kwanza kutuambia: kwamba ule ni mwanga, lakini wa aina isiyoonekana, kwamba unapita ndani ya nyama na kuacha moto wake humo, na moto huo hauzimiki siku hiyo hiyo. Kwamba kupigwa mara moja kwa ajili ya ugonjwa si tatizo, ni msaada, yeye mwenyewe hupeleka watu hospitali kubwa wapigwe. "Lakini wewe unaoga humo kila siku. Usiingie tena kwenye chumba kile. Hata kesho. Umenisikia? Vidole hivi bado unaweza kubaki navyo." Njiani, tukiteremka, nilimshika kiwiko ili asiteleze, naye akanitania, "Leo Mluguru anamshika Mnyamwezi." Kisha akasema, "Nikiacha, mume wangu atakula ule ukuta anaoutazama?" Nikamwambia tutapika vitumbua tuuze. Akasema, "Tutapika." Nikaamini.

Jumatatu nikasikia sauti yake gizani. "Vuta pumzi. Bana."

Niliweka mwiko chini. Nilivuka sebule mikono ina unga, nikasukuma ule mlango mzito, na mwanga wa mchana ukaingia wote. Dokta akapiga kelele, kioo kikafifia. Alikuwepo mama na mtoto mdogo, na mtoto yuko kifuani kwa Kalunde, ameshikwa pande mbili. "Zima," nikasema. "Zima, halafu umtoe huyu."

"Toka, Tere," Kalunde akasema polepole. "Unamtisha mtoto."

Dokta alivaa upesi miwani yake nyekundu. Alizima mashine, hilo nampa. "Wewe ni mpishi," akaniambia kwa ile sauti yake ya upole. "Mimi nimesomea. Mionzi hii ni kama ya redio. Inapita tu, inakwenda zake. Redio imekuunguza lini?"

"Kama inapita tu," nikasema, "mbona wewe umejifunika?"

Dokta akajitazama. Alikuwa amesimama pale na aproni yake hadi magotini, mikono nyuma. Ya pili iko kwenye kiti, imekunjwa. Nikaichukua, nikamtupia Kalunde miguuni. "Vaa, au tuondoke wote sasa hivi." Kalunde aliitazama. Akamtazama yule mama, ambaye tayari alikuwa ananyoosha mikono adai mwanawe, kwa sababu ameona kuna kitu cha kuogopwa. Mtoto alikuwa na homa, unasikia pumzi zake kutoka mlangoni, na hospitali kubwa filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha. Kalunde akaisukuma aproni kwa mguu, pembeni. "Mama, usiwe na wasiwasi," akamwambia. "Huyu ni Mluguru, wana wazimu wa kimo, hewa kule juu ni haba. Mtoto nimemshika mimi." Kisha kwangu, kwa sauti nyingine, "Funga mlango, Tere. Tafadhali."

Nilifukuzwa kabla ugali haujaiva. Nikauacha jikoni, sijui nani aliusonga. Mtoto yule alionekana pafu limejaa, akapelekwa hospitali, akapona. Nasema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linalonisumbua. Ingekuwa rahisi kama mashine ile ingekuwa uongo mtupu.

Kalunde alibaki mpaka zahanati ilipofungwa, mwisho wa mwaka ule ule. Walikuja watu wa serikali na kifaa cha mkononi kinacholia tiki tiki, wakaamuru mashine iwashwe, wakakipeleka ukutani, kwenye mlango, kikalia hadi sebuleni kwenye mabenchi. Wakaifunga mashine kwa lakiri. Dokta akahamia mji mwingine, wafanyakazi wakajigawia vilivyobaki, na Kalunde akachukua ile aproni. Nilipokwenda kumsalimia Ngerengere niliikuta chumbani, juu ya pipa la mahindi. "Uzito wake mzuri," aliniambia, "panya hawawezi kufunua." Nilimtukana siku ile matusi ambayo hayamo kwenye utani. Mahindi yake yalikingwa kuliko yeye. Akacheka, akanimiminia uji, na nikaona anashika kikombe kwa viganja, si kwa vidole.

Kibanda cha mlango wa kijani hakikujengwa. Vidonda vilikuja, vikafunga, vikarudi. Miaka ikapita hivyo, anaishi, anazaa, analima kwa mikono iliyofungwa vitambaa. Kidole chenye pete kilikatwa cha kwanza. Baadaye mkono ukaota kitu, na kitu hicho hakikuwa cha kutafutwa nyuma ya mbavu, kilionekana. Wakampeleka Dar es Salaam, na huko, sikilizeni, wakamtibu kwa mionzi. Ukoo ule ule. Semeni anasema ndivyo inavyofanyika, kwamba ukiielekeza pale pale na kuipima inaua ugonjwa, na mimi simbishii. Kisu cha jikoni kwangu kimekata vitunguu na kimekata vidole. Lakini nilimuuliza Kalunde ilikuwaje. Akaniambia, "Walinilaza mezani, wakaniambia nisitikisike. Kisha wakatoka wote, Tere. Manesi, daktari, wote, wakafunga mlango mnene kuliko wa Dokta. Nikabaki peke yangu na mashine. Nikasema moyoni, ndivyo ilivyotakiwa kuwa." Akaongeza, "Lakini hata mtani hakuna wa kukutukana."

Nilimuuliza mara moja tu kama anajuta. Alijibu, "Wangeingiaje peke yao?" Sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani naye sasa. Wangeingia peke yao wakiwa wamekasirika, au wangerudi mlimani, na yeye angekuwa na vidole. Lakini nimezeeka, na nimelazwa mara mbili hospitali, na nimejua pale taa zinapozimwa unatamani mkono wa nani.

Basi tulikwenda Ngerengere, mimi na Semeni. Nyumba ilijaa, jeneza liko sebuleni, na wanawake wakaniambia karibu dada, pole. Nikawajibu sijaja kupewa pole, mimi ni mtani. Wakaelewa. Mtani kwenye msiba ana kazi yake: anamwigiza marehemu, anazuia jeneza, anachekesha watu ili huzuni isiwakabe koo. Na ana ruhusa ya kupekua. Nikaingia chumbani, nikakuta pipa liko pale pale, na aproni juu yake, imepasuka mikunjo yote, kijivu kwa vumbi la mahindi. Nikaivaa. Semeni alinisaidia kufunga kamba, mgongo wangu ulikuwa unalia. Padri alipomaliza na vijana wakainua jeneza, nilikuwa nimesimama mlangoni, nimetanua miguu.

"Hatoki mtu!" nikasema. Watu wakaanza kucheka. Bibi kizee wa Kiluguru, ameinama chini ya mzigo kama mpagazi, nani asicheke? "Mnaniona? Leo nimekuwa Mnyamwezi. Mwenye hili vazi hakulivaa hata siku aliyostahili, nimemvalia mimi. Mnamshika vibaya! Hamjui kushika. Yeye alijua." Nikanyoosha mikono yangu, nikaiweka juu ya jeneza, pale yalipo mabega, vidole vimetulia, kama nilivyoiona kwenye kioo. Na sauti ikanitoka ambayo haikuwa yangu.

"Vuta pumzi," nikasema. "Bana. Usitikisike, usitikisike."

Kicheko kikaisha. Wapo waliowahi kuisikia sauti ile gizani, walikuja kutoka mlimani kumzika, nikawaona wanabana pumzi kweli, wazee wazima. Nyumba nzima ikabana. Wakanisubiri niseme lile neno la mwisho, la kuwaachia. Nilikuwa nalo mdomoni. Sikulisema. Nilikaa hivyo, mikono juu ya mbao, risasi inanivuta mabega chini, mpaka mmoja nyuma akashindwa akapumua, kisha mwingine, kisha wote. Ndipo nilipojisogeza upande, nikawapisha wamtoe.